Mke Mkubwa ni Tumbo

Jumatatu, 8 Septemba

Daktari Aidah ameniamuru ninunue daftari. Nimenunua. Jalada la bluu, kurasa tisini na sita. Kila siku niandike nilichokula, saa niliyokula, na kama choo kimepatikana. Mambo ya aibu! Nitalificha chini ya godoro.

Chakula: ugali, sukuma wiki, nusu parachichi. Choo: hakuna. Nasimiyu: hakuna.

Hilo la tatu daktari hakuliuliza. Nimeliongeza mwenyewe. Leo ni siku ya kumi na sita tangu mke wangu arudi kwa baba yake, kijijini Khunyangu, na mtu akiniuliza kati ya tumbo na mke ni kipi kinaniuma zaidi, sitajua nimwoneshe wapi.

Niandike ukweli, maana hakuna atakayeusoma. Tarehe ishirini na mbili Agosti, Nasimiyu alihitimu. Ualimu wa chekechea, chuo cha pale Busia. Miaka miwili ya kusoma huku akipika, akifua na kunisikiliza nikilalamika. Alishona kitenge kimoja, gauni lake na shati langu. Mimi nilikuwa siku ya tano bila choo. Asubuhi hiyo nikahisi dalili. Nikasema niingie kidogo tu. Nikakaa saa nzima. Nikakaa saa ya pili. Nilipotoka, mikono mitupu, mahafali yalikuwa yamekwisha na watu wameshapiga picha.

Nikamwambia lori la mteja lilikwama mpakani. Breki. Mimi ni ajenti wa kutoa mizigo hapa Malaba, na kwa mtu wa kazi yangu lori ni udhuru unaokubalika hata matangani. Lakini Nasimiyu akamuuliza Collins, tunayekaa naye meza moja ofisini. Collins ana mdomo usio na kifuniko. Akasema hakukuwa na lori lolote, na hata mimi sikuonekana kazini.

Nasimiyu hakupiga kelele. Alisema amezoea kuwa mke mdogo, kwa sababu mke mkubwa ni tumbo langu, na kwa miaka tisa hajamwonea wivu. Lakini yeye hakuolewa na lori. Kesho yake akafunga mkoba wake wa kijani, akaenda.

Nimeyatafakari maneno hayo siku kumi na sita. Nimeyaelewa. Shida ni tumbo. Tumbo likipona, mke atarudi.

Daktari anasema ugonjwa wangu una jina refu la Kizungu. Kwa lugha ya kawaida ni utumbo wenye hasira, na wangu ni wa aina ile ya kufunga. Si laana, sikurogwa, wala si ugali. Amenipa dawa kwa cheti. Kapsuli moja asubuhi, tumbo likiwa tupu, nisubiri nusu saa ndipo nile. Moja, si mbili. Nisimgawie mtu. Nisizitoe kwenye chupa yake. Nikiharisha sana, niache na nirudi kwake. Akauliza kama nimeelewa. Nikaitikia kwa kichwa. Akauliza kama mke wangu anajua ninavyoteseka. Nikaitikia tena, maana kichwa kilikuwa tayari kwenye mwendo.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeanza vibaya.

Nilisahau kapsuli nyumbani, nikairudia, nikaimeza ofisini saa moja kamili. Wakati huohuo Amuge, muuza chai wetu, akaingia na birika la chai na ndoo ya mandazi. Mandazi ya Amuge yakiwa moto hayana mpinzani kuanzia hapa hadi Tororo. Nusu saa! Nikawaza, nusu saa hiyo imewekwa kwa ajili ya wagonjwa hasa. Mimi ni mtu anayetembea. Nikasubiri dakika nne. Nikala mandazi manne yanayochuruzika mafuta.

Saa mbili na nusu nilikuwa dirishani na karatasi za dereva wa Uganda mkononi. Tumbo likanguruma mpaka dereva akageuka kutazama kama kuna lori linarudi nyuma. Nikakimbia. Sikukumbuka kuziacha zile karatasi. Dereva akanifuata mbio hadi chooni, akagonga mlango kwa ngumi, akiniita bwana kwa Kiganda. "Ssebo! Toka na karatasi zangu!"

Nasimiyu alikuwa akigonga hivyohivyo, ila kwa mwiko. Gonga mara tatu, aulize kama bado niko hai. Mimi nimwambie niko hai. Yeye aseme basi ugali unapoa. Leo dereva alipogonga nilikaribia kumjibu kwamba niko hai.

Chakula: mandazi, na majuto. Choo: mara tano. Nasimiyu: hakuna.

Alhamisi, 11 Septemba

Jana na leo nimefuata masharti. Kapsuli saa kumi na mbili asubuhi, maji, kukaa kitandani nikitazama saa ya ukutani, chai baada ya nusu saa. Na leo, saa moja na dakika arobaini, bila vita, bila jasho, bila kuwaita mababu... Sitaeleza zaidi. Nimelia kidogo.

Watu wenye afya hawajui wanachopewa. Mchukue Collins. Kila siku ya Mungu, saa moja na nusu, anakunja gazeti, anaenda, anarudi akipiga mluzi. Miaka sita nimeusikia mluzi ule. Nimeuchukia kuliko honi za malori. Leo nimerudi mezani mimi, nikipiga mluzi wangu. Collins akainua macho. Aliinua macho kabisa!

Halafu nikafika nyumbani. Nilikuwa na habari njema kuliko zote za mwaka huu na sikuwa na wa kumpa. Ukutani bado kuna chati za manila za Nasimiyu za kufundishia. A ya ananasi, B ya bata, CH ya chura. Bata ana miguu mitatu kwa sababu nilimgusa kiwiko akichora. Alicheka mpaka akakaa chini. Nilikaa pale alipokaa.

Nikampigia simu. Sauti yake! Aliuliza tumbo linaendeleaje. Nikasema tumbo gani? Nikacheka kama mwanamume asiye na tumbo. Nilikuwa nimeamua nisimwambie habari za dawa, aje aione afya yenyewe imekaa mbele yake. Akauliza kama kuna jambo lingine nataka kumwambia. Nikamwambia foleni ya malori imefika mbali. Nilimsikia kuku nyuma yake, na mtu akichota maji.

Kisha akasema wazee watakaa Jumamosi tarehe ishirini. Nije na msemaji, kama desturi, lakini na mimi mwenyewe nije na mdomo wangu.

Tarehe nimeizungushia duara.

Jumapili, 14 Septemba

Msemaji. Baba mdogo Ekwaro ndiye angefaa, lakini masikio yake yamekufa na anajibu maswali ya mwaka jana. Amebaki Collins. Ana gari la Probox, ana suti, na hana haya. Nimemwomba. Amekubali upesi mno. Nadhani anataka kwenda kutazama.

Lakini akanipa ushauri ambao sikuuomba. "Boss, mwambie tu ukweli. Tumbo si kesi." Nikamwambia kazi yake ni usukani na heshima za mwanzo. Mtu aendaye haja saa ileile kila siku atamwambia nini mtu kama mimi?

Kinachonisumbua si maneno. Ni choo. Kwa wakwe zangu, mkwe haingii choo cha nyumba ile. Afadhali aingie chumba cha mama mkwe! Akiingia ni mwiko umevunjwa, mbuzi atachinjwa, wazee watamwaga maneno, na hadithi itamfuata mpaka kaburini. Choo cha baba mkwe, Mzee Phanuel, kiko nyuma ya jiko, mlango wa mabati mapya unaong'aa. Miaka tisa nimekitazama kwa mbali tu. Zamani hakikunipa shida. Nilikuwa mkwe bora katika jambo hilo, naweza kukaa siku tatu bila kukihitaji. Sasa nina dawa inayofanya kazi.

Lazima nipange.

Jumatano, 17 Septemba

Mpango umepatikana. Ni mzuri hata najishangaa.

Tangu Jumatatu sijameza kapsuli. Nafunga kiwanda, kwa ufupi. Jumamosi nitafika Khunyangu nikiwa nimetulia, tumbo limelala, nitakaa saa nne au tano bila hatari, nitakula kuku wao wote, nitarudi na mke. Kapsuli nitaanza tena Jumapili, nikiwa naye. Tutasubiri nusu saa pamoja.

Hilo la mwisho limenigusa nilipoliandika. Nusu saa nzima kila asubuhi bila chai, sisi wawili, hakuna la kufanya ila kuongea. Sijui tuliongea lini mara ya mwisho nusu saa nzima. Nilikuwa mle ndani na simu, yeye nje na mwiko. Ningempa hata mwaka mzima wa nusu saa.

Chakula: wali, maharagwe. Choo: hakuna, kwa makusudi. Nasimiyu: siku tatu zimebaki.

Ijumaa, 19 Septemba

Maafa.

Tumbo limejaa. Limevimba. Shati la kitenge halifungi kifungo cha tatu wala cha nne. Na lazima nilivae, ni lile la mahafali, nataka alione mwilini mwangu hata kama nimechelewa mwezi. Amuge ameniuliza leo kama nimeongezeka. Kisha akaniuliza mke wangu yuko wapi, mbona siku hizi nanunua chai ya kikombe kimoja. Nikasema yuko kwao kidogo. Akasema "kidogo" hiyo imeanza kuwa ndefu.

Nikienda hivi, sitaweza kula. Mkwe asiyekula amekataa nyumba. Mama mkwe atapika kuku tangu alfajiri, atanitengea firigisi, na mimi nitasukuma sahani! Itaonekana nimekuja kumdharau.

Mpango wa pili. Kapsuli tano sijazimeza, ni haki yangu. Nikimeza tatu kesho saa kumi na moja alfajiri, kiwanda kitafunguliwa, kazi yote itakwisha kabla Collins hajafika saa mbili, nitaondoka mwepesi kama mwanafunzi. Daktari alisema si mbili. Hakutaja tatu.

Nimepiga pasi shati. Nimenunua sukari, majani ya chai, na leso ya mama mkwe. Leso ya Nasimiyu nimeinunua kando, ya manjano. Nimemkumbuka sana leo. Hata kununua leso mbili badala ya moja kulinifurahisha.

Jumamosi, 20 Septemba, asubuhi

Tatu zimemezwa saa kumi na moja. Sasa saa mbili kasoro. Hakuna kitu. Hata mngurumo. Nimekaa, nimesimama, nimetembea. Dawa gani hii! Collins anapiga honi nje. Basi nitaenda nikiwa nimefunga, na vifungo viwili wazi, na koti juu. Mungu yupo.

Jumapili, 21 Septemba

Niandike yote, niyatoe kifuani.

Tulipofika Bumala, Collins akasimamisha gari. Akasema msemaji hasemi na njaa. Akaagiza chapati na mayai ya kukaanga, sahani mbili. Nikasema sitaki. Zikanukia. Nikala. Mafuta yalikuwa mengi. Nilikumbuka mandazi ya Amuge baada ya kumaliza, si kabla.

Tukafika saa nne. Mzee Phanuel alikuwa amevaa koti na kuketi kwenye kiti chake cha mikono. Alikuwa karani wa mizani ya miwa miaka thelathini, na hadi leo anamtazama mtu kama anayekisia uzito wake. Kando yake kaka zake wawili. Mama mkwe jikoni, kama ilivyo heshima, lakini mlango wa jiko ulikuwa wazi kiasi cha sikio. Harufu ya kuku ilijaa boma zima.

Nasimiyu akaingia na maji ya kunawa. Amekonda kidogo. Au nimesahau alivyo? Haiwezekani. Alilitazama shati langu kwenye mwanya wa koti. Alilitazama kwa muda. Nikanawia nje ya beseni.

Collins akaongea. Niseme haki yake, aliongea vizuri. Alisema nyumba yetu Malaba imekuwa kama stoo. Alisema mimi ni mtu mwema mwenye njia ndefu. Wazee wakacheka. Mambo yalikuwa yakienda! Ndipo Mzee Phanuel akainua mkono. Akasema wamemsikia rafiki, sasa wanataka kumsikia mwenye mke. Hawana mashtaka mengi. Wana swali moja tu, binti yao ndiye ameomba aulizwe. Siku ile ya mahafali, nilikuwa wapi?

Nasimiyu alikuwa amesimama mlangoni. Mikono imefungwa kifuani, macho kwangu.

Nikafungua mdomo. Na hapo hapo, baada ya saa sita za usingizi, kapsuli tatu zikaamka pamoja.

Sijui nieleze vipi. Halikuwa tumbo tena, yalikuwa makabila matatu yakigombea mto. Jasho likanitoka kwenye kope. Nikaukaza mwili wote. Kupitia dirishani niliuona ule mlango wa mabati mapya, hatua ishirini, unang'aa. Hatua ishirini! Nilimtazama Mzee. Nilimtazama Nasimiyu. Ningeweza kusema neno moja. Wote wana matumbo.

Nikatoa simu mfukoni. Nikaiweka sikioni. Haikuwa imelia. Nikasema kwa sauti kubwa, nini? Limeshikwa? Lori? Nikasimama, nikawaomba radhi wazee, mpakani kuna dharura. Nikatoka nikitembea kama mtu aliyebeba trei ya mayai katikati ya mapaja.

Kutoka kwa Mzee hadi sokoni Khunyangu ni nusu kilomita. Choo cha soko kilikuwa na kufuli. Ufunguo uko kwa mama wa omena, wale dagaa. Mama wa omena akasema ufunguo ni wa wateja. Nikanunua omena. Akapima polepole, akaongeza kidogo kwa ukarimu, akatafuta mfuko, akauliza mimi ni mkwe wa nani. Nilimjibu nikiwa nimepiga magoti. Akadhani ni heshima.

Niliingia. Sitaandika zaidi, isipokuwa kwamba nilikaa mle muda mrefu na mfuko wa omena mkononi, na hakukuwa na karatasi.

Ndipo nikasikia mlango ukigongwa. Mara tatu.

Nilimjua kabla hajasema. Miaka tisa! Alikuwa amenifuata. Anaijua ile hatua yangu ya mayai hata nikiwa ng'ambo ya mto. Akaniuliza kwa upole kama niko hai. Moyo ulinipasuka kwa furaha. Nikasema niko hai. Akasema ameniletea tishu, na jagi la maji. Kisha nikasikia anavuta pumzi.

"Okiror, ni lori ama ni tumbo?"

Nilikuwa ndani ya choo. Suruali iko miguuni. Omena mkononi. Na mimi, Okiror, ajenti wa mizigo, mtu mzima, nikamjibu kutoka mle ndani.

"Ni lori."

Sijui kwa nini. Lilitoka lenyewe. Ndicho kitu pekee kilichotoka bila dawa tangu Julai.

Nilisikia tishu ikiwekwa kizingitini. Nilisikia jagi likiwekwa chini, taratibu, maji yasimwagike. Kisha malapa yake yakaenda. Nilimwita. Nilimwita mara nyingi. Mama wa omena ndiye aliyeitika.

Niliporudi, Collins alikuwa garini, injini inaunguruma, kidole chake kinang'aa mafuta. Wazee wamefunga kikao. Chakula kililiwa, mgeni aliyebaki alikuwa yeye, wakampa firigisi. Firigisi yangu! Nikakasirika juu ya firigisi hadi Bumala, kwa sababu juu ya yale mengine sikuthubutu.

Baada ya Bumala Collins akasema kuna jambo lazima nijue. Alipokwenda kunawa alipita mlango wa chumba. Mkoba wa kijani ulikuwa pale, umefungwa kamba, na viatu vya safari juu yake. Nasimiyu alikuwa amemwambia baba yake anataka neno moja la kweli tu, aondoke nami siku hiyohiyo. Na aliporudi kutoka sokoni aliubeba mkoba akaurudisha ndani, na mama yake akaanza kulia jikoni.

Niliishika leso ya manjano hadi Malaba. Ilikuwa imeanza kunuka omena.

Jumanne, 23 Septemba

Kliniki kule Busia, Daktari Aidah amenigombeza kama mtoto wa darasa la pili. Kapsuli tatu! Na mafuta! Alisema ningeweza kuishiwa maji mwilini na kulazwa. Alisema dawa si malimbikizo, ya jana ikipita imepita, mtu anameza ya leo. Nimeipenda sentensi hiyo, nimeiandika.

Amenipa siku mbili za kupumzika, maji mengi, kisha nirudie moja asubuhi. Kisha akaomba daftari. Nikampa bila kufikiri. Alisoma ukurasa wa kwanza. Alisoma wa pili. Akavua miwani. Nilitaka ardhi inimeze, lakini hata ardhi ya Busia ina foleni.

Aliniuliza kwa nini naweza kumwambia yeye habari za choo changu kwa saa na dakika, na mke wangu namwambia habari za malori. Nikasema yeye ni daktari. Akasema kuna watu wengi wenye tumbo hili, na wengi wao wana aibu kuliko maumivu. Sehemu hiyo haina kapsuli. Niende nimwambie mke wangu kama nilivyomwambia yeye, maneno yaleyale.

Nilitoka nimeamua. Nilisema njia nzima, kwa sauti, ni tumbo, ni tumbo, ni tumbo. Mwanamke mmoja mtaani Burumba alinihurumia akanielekeza duka la dawa.

Chakula: uji, ndizi. Choo: kimetulia. Nasimiyu: siku ya thelathini na moja.

Alhamisi, 25 Septemba

Ujumbe umekuja saa nne asubuhi. Nimeusoma mara nyingi, nimeujua kwa moyo. Amepata kazi, chekechea moja kule Sigalame. Anaanza Jumatatu. Amepata na chumba. Anasema hana hasira tena, amechoka tu. Anasema nikipata neno la kweli, hata likiwa dogo, nimpelekee huko.

Hata likiwa dogo! Nililia ofisini. Collins akanisogezea gazeti lake nijifunike.

Nimewaza Sigalame. Amesimama mbele ya watoto wadogo, anaimba ule wimbo wa vidole aliokuwa akiufanyia mazoezi jikoni, wanamwita mwalimu, na mimi sipo, tena sipo. Namtaka. Namtaka nyumbani, nataka malapa yake, nataka aniambie ugali unapoa. Nampenda yule mwanamke kuliko choo. Hilo si jambo dogo kwa mtu kama mimi.

Nikachukua karatasi niandike. "Mpenzi Nasimiyu, siku ile nilikuwa..." Kalamu ikasimama. Nikaondoka, nikanywa maji, nikarudi. Ikasimama palepale. Mtu ataandikaje neno lile kwa mwalimu? Watoto wakiliokota? Na akishalisoma, si atajua kwamba nilimdanganya mara mbili?

Basi nikafikiri kwa utulivu. Anataka ukweli. Na hapa mpakani, ukweli ni nini? Ni karatasi. Lori lenye karatasi lipo, lori lisilo na karatasi halipo hata kama umeliegemea. Kosa langu lilikuwa hilo tu tangu mwanzo. Sikuwa na karatasi!

Nimefanya kazi tangu saa sita. Zimetoka karatasi mbili za lori. Moja ya tarehe ishirini na mbili Agosti, moja ya Jumamosi iliyopita. Namba ya lori, jina la dereva, aina ya mzigo, saa ya kushikwa, saa ya kuachiliwa, sahihi yangu, muhuri wa ofisi yetu. Kwenye nafasi ya sababu ya kuchelewa, mkono wangu uliandika herufi T peke yake, sikuutuma. Nikaibadilisha karatasi, nikaandika breki.

Nimemwonesha Collins. Ametazama ya kwanza, ametazama ya pili, amenitazama mimi. Ametoka nje. Wivu.

Hata Mzee Phanuel, pamoja na mizani yake yote, hawezi kupata pa kuzikosoa. Jumapili nakwenda Sigalame. Nasimiyu akizisoma hizi, hatakuwa na swali lolote tena la kuniuliza.